Neno Likirusha na Mkono Ulioficha

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juma hili tunajibu barua ya mama mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini Nyeri. Mama huyu ametuuliza mambo mawili. La kwanza ni la mwanawe, ambaye mwalimu wa Kiingereza aliwapa darasani neno "throw" na kuwataka waeleze maana zake. Kijana akarudi nyumbani na kumwomba mamake msaada, kwa kuwa kila alipolitia neno hilo katika Kiswahili lilimgeukia: aliandika kuwa baba "alitupa sherehe", wenzake wakamcheka. La pili ni zito zaidi. Katika siku hizo hizo sauti iliyorekodiwa, yenye kumtaja binti wa mtaani kwa jambo la aibu, ilipita katika simu za akina mama wa Nyeri, ikafika Karatina na Nanyuki. Mama wa binti alipowaendea mmoja mmoja kuwauliza, kila mmoja alimjibu: "Mimi sikusema kitu, nimerusha tu." Basi muulizaji wetu anataka kujua: je, "nimerusha tu" ni udhuru mbele ya sharia?

Mama ameyaandika haya kama maswali mawili mbalimbali. Sisi tunaona ni swali moja, na tutaanza na la mtoto ili tulifikie la wazee.

Neno "throw" kwa maana yake ya kawaida ni kukitoa kitu mkononi kwa nguvu kikaenda hewani. Lakini Waingereza wamelitumia katika mambo mengi ambayo hayana mkono wala hewa. Wao husema "throw a party", na Kiswahili chake ni kuandaa karamu au kufanya sherehe. Husema "throw up", na maana yake ni kutapika. "Throw light" juu ya jambo ni kulitolea mwangaza. "Throw in the towel", maneno yaliyotoka katika mchezo wa ndondi, sisi tunasema kusalimu amri au kubwaga manyanga. Mtoto anayejitupa chini na kulia kwa sababu amenyimwa peremende, Mwingereza humwambia "he is throwing a tantrum", na mama wa pwani atasema mtoto amedeka. Kijana wetu na ashike kanuni hii: haifasiriwi kauli kwa kuhamisha neno moja moja, bali hutafutwa maana, kisha huulizwa wenye lugha huisema vipi.

Lina ajabu nyingine neno hili. Katika Kiingereza cha kale halikuwa na maana ya kurusha, bali lilikuwa na maana ya kusokota na kuzungusha. Ndiyo sababu mfinyanzi wa Kiingereza mpaka leo husemwa kuwa "anatupa" chungu, naye hakitupi popote. Anakizungusha juu ya gurudumu mpaka kipate umbo. Na neno lao "warp", ambalo leo ni kupinda na kupotoka, ndilo lililokuwa na maana ya kurusha zamani hizo. Maneno mawili yamebadilishana nyumba. Sisi tumelitaja hili kwa sababu litatufaa mbele: baina ya kurusha na kupotosha, masafa si marefu.

Watoto wa Nyeri, Nanyuki, Embu na Meru hukua baina ya lugha tatu au nne: Kikuyu au Kimeru sokoni, Kiswahili mtaani na msikitini, Kiingereza darasani, na herufi za Kiarabu katika madrasa. Katika Kikuyu, kutupa ni "gũikia", na neno lilo hilo hutumika kwa kutia kitu ndani, kama kutia chumvi katika chakula. Mtoto wa namna hii asidharauliwe anapochanganya. Ana utajiri mikononi, na anachohitaji ni mtu wa kumpangia.

Kiswahili chetu nacho hakina neno moja kwa tendo hili. Mtu hutupa kisichotakiwa, hurusha kinachopaa, huvurumisha kwa hasira, hubwaga mzigo uliomwelemea, na hutosa majini. Mvuvi hutupa mshipi na hutupa kimia. Mwenye kutazama kwa haraka hutupa jicho. Jamaa asiyetembelewa hulalamika, "Mbona mmetutupa?", na hapo hakuna aliyerushwa, kuna aliyesahauliwa. Tukisema fulani ametutupa mkono, tunakusudia ametutoka duniani. Wazee wetu walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao, na walipotaka uovu uondoke kabisa walisema tutupe jongoo na mti wake.

Tena katika siku zetu "kurusha" kumepata kazi mpya. Redio na televisheni hurusha matangazo, na hata neno la Kiingereza la utangazaji, "broadcast", lilitokana na mkulima anayetawanya mbegu kwa mkono shambani. Kijana anayehitaji fedha za simu husema "nirushie mia". Na ujumbe unaotoka simu hii kwenda simu ile, nao husemwa umerushwa. Upande wa taarabu kuna mtindo mzima ulioitwa rusha roho, na akina mama wanaelewa bila ya kufasiriwa ni nini kurushiana vijembe, na namna leso inavyoweza kumsemea mvaaji asichotaka kukitamka.

Hapa lipo somo moja la sarufi tunalomwomba kijana alipeleke kwa mwalimu wake. Mwingereza hutofautisha "throw to" na "throw at". La kwanza ni kumrushia mtu kitu ili akidake, na la pili ni kumrushia ili kimpige. Kiswahili hakina tofauti hiyo katika kitenzi chenyewe. Tunasema "mtupie mpira" na "mtupie jiwe", na umbo ni lile lile moja. Ni mpira au ni jiwe, ni kudaka au ni kuumia, hilo hujulikana kwa kitu kinachotupwa na kwa nia ya mwenye kukitupa. Na dini yetu yote imejengwa juu ya hadithi ile ya kuwa matendo hulipwa kwa nia. Basi anayesema "nimemrushia tu mwenzangu" hajasema kitu bado. Aulizwe: ulirusha nini, na ulitaka kifike vipi?

Sasa tuingie katika Kiarabu cha Qur'ani, kwani humo jambo hili limepangwa kwa uzani wa ajabu.

Mama yake Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliamrishwa katika Sura Taha amtie mwanawe katika sanduku na alitupe sanduku mtoni. Tendo lililotumika hapo ni la asili ya "qadhafa", kutupa. Hakuna mama anayesoma aya hiyo bila ya moyo kumwenda mbio. Lakini kutupa kule kulikuwa kuokoa, kwani nyuma yake kulikuwa na ahadi ya Mola. Na katika aya iyo hiyo ya 39, Mwenyezi Mungu anamkumbusha Musa kuwa alimtupia mapenzi yatokayo Kwake, kwa tendo jingine la kutupa, "alqa". Vilevile ndugu zake Yusuf walimtupa kisimani, na baada ya miaka mingi kanzu yake ilitupwa juu ya uso wa baba yake mzee, naye akaona baada ya upofu. Mkono mmoja hutupa kwa husuda, na mkono mwingine hutupa kwa rehema.

Lakini kutokana na asili ile ile ya "qadhafa", wanazuoni wa fikihi wametoa jina la dhambi moja kubwa: qadhfu, yaani kumsingizia zinaa mtu mwenye kujihifadhi. Na Sura An-Nur, katika aya ya 4, imeieleza dhambi hiyo kwa neno "yarmuna", wanaorusha, kama mtu anavyorusha mshale au jiwe. Tazameni, enyi ndugu zetu, uzito wa uteuzi huu. Qur'ani haikusema "wanaobuni", wala haikusema "wanaoanzisha". Imesema wanaorusha, kisha wasilete mashahidi wanne. Adhabu iliyotajwa ni mapigo themanini na kukataliwa ushahidi wao, isipokuwa wale watakaotubu na kutengenea. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, amelitaja jambo hili miongoni mwa madhambi saba yenye kuangamiza, pamoja na ushirikina na kuua nafsi.

Hatuandiki haya ili mtu afikiri tunamtafutia mjeledi. Hukumu za adhabu zina mahakama zake na masharti yake, na wanazuoni wametofautiana katika nani hasa anayeitwa mwenye kurusha anaponukuu maneno ya mwingine. Tunalosema ni la dhambi baina ya mja na Mola wake, na la haki baina ya mja na mja mwenzake. Katika hilo, neno "tu" lililo mwisho wa "nimerusha tu" halina pa kusimama.

Dalili yetu iko katika Sura iyo hiyo. Mama wa Waumini, Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alisingiziwa uongo aliporejea safarini. Aliyekishika kishindo cha uongo ule alikuwa kiongozi wa wanafiki, lakini waliousambaza walikuwemo watu wema, Waislamu wa kweli, waliousikia wakausema. Mji mzima ulitikisika kwa muda wa mwezi, na nyumba ya Mtume mwenyewe ikaingia huzuni, mpaka ukashuka utakaso kutoka mbinguni. Katika aya ya 15 Mwenyezi Mungu anawalaumu kuwa waliipokea habari ile kwa ndimi zao. Mtu hupokea habari kwa masikio. Hawa waliipokea kwa ulimi, yaani haikukaa kitambo baina ya kusikia na kusema. Na tendo la kupokea lililotumika hapo, "talaqqa", ni ndugu wa "alqa", kutupa: mmoja ametupa, mwingine amedaka, na aliyedaka ametupa tena kabla ya kutazama alichokidaka. Kisha aya inasema kuwa walilidhania ni jambo jepesi, nalo mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa. Sisi hatujui fasiri ya "nimerusha tu" iliyo wazi kuliko hiyo.

Ipo pia hadithi ya Abu Huraira katika Sahihi ya Bukhari, kuhusu mja anayetamka neno la kumkasirisha Mola wake naye hakulijali, likamporomosha Motoni. Kwa Kiarabu, hilo la kutojali limeelezwa kuwa "hakulitupia akili". Ametupa neno, wala hakulitupia fikra. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia.

Labda mtu atasema: lakini tulichorusha ni kitu kidogo, sauti ya dakika moja. Tumjibu kwa hadithi ya Abdullah bin Mughaffal, ya kukatazwa kurusha vijiwe kwa ncha za vidole. Sababu aliyoitaja Mtume ni kuwa kijiwe kile hakiwindi mnyama wala hakimshindi adui, ila huvunja jino na kutoboa jicho. Hicho ndicho kipimo cha umbea: faida hakina, na jicho hutoboa. Na hata katika Hija, mahali ambapo kurusha mawe ni ibada, mahujaji huamrishwa vijiwe vidogo vya kushikwa kwa vidole, saba kwa kila nguzo, na Mtume akaonya dhidi ya kupindukia mipaka. Ikiwa jiwe la Jamarati lina kiasi chake, neno analorushiwa binti wa Kiislamu liwe halina kiasi?

Watu wa nchi ya Mlima Kenya wana sababu ya kuelewa jambo hili kuliko sisi wa pwani. Katika miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, palikuwa na mtu aliyeitwa "gakunia", yaani kigunia. Alifunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, watu wakapitishwa mbele yake, naye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa. Hakutaja jina lake, hakula kiapo, hakuulizwa ushahidi. Akitikisa kichwa, aliyesimama mbele yake alichukuliwa. Katika msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini, wengi wao Mackinnon Road na Manyani, katika njia yetu hii ya kwenda Mombasa. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa na hatia machoni mwa serikali ile, na walikuwamo ambao kosa lao lilikuwa ni jirani aliyewachukia au aliyeogopa kwa nafsi yake. Familia ziliachwa bila ya baba kwa miaka, na ukoo mwingine mpaka leo haukai na mwingine meza moja.

Basi simu nayo imekuwa gunia. Mwenye kuirusha sauti ya binti wa watu amejifunika ndani yake. Hakusema yeye, hakuandika yeye, kidole tu kilitikisika. Tofauti ni kuwa gakunia alimwelekea mtu mmoja kwa wakati mmoja, na simu humwelekeza binti mmoja kwa watu mia mbili kabla ya wali kuiva.

Tukifika hapa, mama wa Nyeri atauliza: haya, tufanye nini? Tunawausia mambo manne.

Kwanza, inapofika habari ya namna hii, ikomee hapo ilipofika. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kubainisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na kubainisha hakuna maana ya kuirusha kwa mwenzio ukimuuliza, "Hivi ni kweli?" Huko nako ni kurusha, kwa kilemba cha swali. Ifute, na ukifuta usibakize picha yake wala nakala yake pembeni. Tupeni jongoo na mti wake.

Pili, Sura An-Nur imewalaumu waumini, wanaume na wanawake, kwa kutodhaniana wema mara waliposikia. Wanahistoria wa Sira wamepokea kuwa Ummu Ayyub alimuuliza mumewe Abu Ayyub Al-Ansari kama amesikia yanayosemwa juu ya Bibi Aisha. Mumewe akamjibu kwa swali: je, wewe ungelifanya jambo hilo? Akasema, la, wallahi. Akamwambia, basi Aisha ni bora kuliko wewe. Maneno yale yakafia nyumbani mwao, baina ya mke na mume. Tunatamani kila nyumba ya Kiislamu, Nyeri na Mombasa, iwe na mlango wa namna hiyo.

Tatu, kwa aliyekwisha kurusha. Toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki ya mwenyewe pale ambapo haki ni ya kiumbe. Maji yakimwagika hayazoleki, ni kweli, lakini aliyeyamwaga hawezi kuondoka na kuuacha udongo umelowa. Aliyeirusha sauti katika kundi, na arejee katika kundi lilo hilo aseme wazi kuwa alirusha asilolijua, na kuwa anamtakia radhi binti huyo na mamake. Haitoshi kumnong'oneza mama wa binti faraghani ilhali aibu ilitangazwa hadharani. Dawa ipite njia ile ile ilimopita sumu.

Nne, kwa mama wa binti na kwa binti mwenyewe. Mola aliyemtakasa Bibi Aisha hajalala. Na mkisha ombwa radhi kwa ukweli, ikumbukeni habari ya Abubakar, baba yake Aisha. Miongoni mwa waliosema alikuwamo Mistah, jamaa yake masikini ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimlisha. Abubakar akaapa kutompa kitu tena, ikashuka aya ya 22 ya Sura An-Nur kuwataka wenye wasaa wasamehe, ikiwauliza iwapo wao wenyewe hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe. Abubakar akasema anapenda, akarejesha riziki ya Mistah. Hatusemi ni wepesi. Abubakar mwenyewe aliapa kwanza, kisha akashuka katika kiapo chake. Lakini mtaa mmoja, kisima kimoja na msikiti mmoja haviishi bila ya msamaha, hasa katika miji ya mlimani ambako jamaa zetu Waislamu ni wachache na hujuana kwa majina.

Tumalizie na kijana. Mwambie, ewe mama, kuwa mwalimu wake ana haki: sherehe haitupwi. Lakini mwambie pia kuwa maana zote za neno hili hurejea katika jambo moja alilolijua tangu alipokuwa mdogo akirusha vijiwe mtoni: kilichotoka mkononi hakiko tena katika amri ya mkono, ila hesabu yake inabaki kwa mwenye mkono.

Ewe Mola wetu, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, zisitiri heshima za mabinti zetu, na tutupie mapenzi yatokayo Kwako kama ulivyomtupia Musa. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.